Tuzo Apewe Nani? Kesi Niliyoletewa Kaloleni

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Neno hili, ndugu msomaji, nimelisikia tangu utotoni, lakini sikupata kuliona kwa macho kama nilivyoliona jioni moja nilipokuwa mgeni katika mtaa wa Kaloleni, mjini Nairobi.

Nalikwenda kumtazama mtoto wa dada yangu ambaye anakaa huko, katika moja ya zile nyumba za chini zilizojengwa katika miaka ya 1940. Jina la mtaa halikuwa geni kwangu, kwani Kaloleni tunayo na sisi kule Kilifi. Baada ya sala ya alasiri nikatoka kunyoosha miguu. Nikapita karibu na ukumbi wa mtaa, ule ambao zamani za kudai uhuru ulikuwa ukifurika watu waliokuja kuwasikiliza wanasiasa. Hapo nikawakuta vijana saba au wanane wamesimama kwa ghadhabu, vidole vi puani mwa wenzao, na mmoja amekwisha kuvua shati.

Nilidhani pana mtu ameibiwa, au pana mambo ya posa yaliyoharibika. Nikatoa salamu na kuuliza kuna nini. Mmoja wao, aliyeiona kofia yangu na kanzu, akasema, "Shehe, wewe huna upande. Tuamulie."

Kesi yenyewe, loo! Haikuwa ya shamba wala ya mke. Ilikuwa ni ya tuzo wanayopewa wachezaji wa mpira wa kikapu huko Marekani, ile ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika msimu. Upande mmoja ulikuwa wa Nikola Jokić, mtu wa Serbia anayechezea Denver. Upande wa pili ulikuwa wa Shai Gilgeous-Alexander, mtu wa Canada anayechezea Oklahoma City. Tuzo ya mwaka 2025 alipewa huyu wa pili, na vijana wa Kaloleni walikuwa bado hawajaridhika.

Huenda msomaji akauliza, mzee wa pwani na mpira wa Marekani wapi na wapi? Nami nilijiuliza vivyo hivyo. Lakini vijana hawa huamka saa tisa na saa kumi za usiku kutazama michezo hiyo katika simu zao, saa ambazo sisi wengine tunaamka kwa ajili ya tahajudi au daku. Mtu hakatai usingizi kwa jambo asilolipenda. Na penye mapenzi hapakosi dhulma, na penye dhulma pana haja ya mizani. Basi nikakaa kwenye ukuta, nikawaambia waniletee hoja zao mmoja mmoja, kama tulivyofundishwa kwamba kadhi hasikilizi mdomo mmoja.

Hoja za pande mbili

Wa Jokić alisema hivi. Katika msimu ule wa 2024 hadi 2025 mtu wake alipata wastani wa pointi 29.6 kwa kila mchezo, akadaka mipira 12.7 iliyorudi kutoka ubaoni, na akatoa pasi 10.2 zilizozaa vikapu vya wenzake. Maana yake ni kwamba katika mambo matatu makubwa ya mchezo huu, yote matatu alivuka kumi kwa wastani wa msimu mzima. Waliowahi kufanya hivyo tangu ligi ianze wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. "Shehe," akanambia, "huyu mtu mmoja ni jiko, ni kuni, na ni mpishi."

Wa Shai akajibu kwamba mtu wake ndiye aliyeongoza ligi kwa kufunga, wastani wa pointi 32.7, na timu yake ilishinda michezo 68 kati ya 82, ilhali Denver ilishinda 50. "Hesabu nzuri bila ushindi ni mapambo ya chombo kisichokwenda safari," akasema. Nikamtazama yule kijana. Maneno hayo angeyasema mtu wa Lamu, nisingeshangaa.

Waliopiga kura walikuwa waandishi wa habari 100. Sabini na mmoja walimweka Shai wa kwanza, na 29 wakamweka Jokić.

Thamani ni nini?

Mimi ni mtu wa maneno. Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya mashairi na ya magazeti, na kabla ya hapo nalikaa mkekani chuoni mbele ya mwalimu na bakora yake. Kwa hivyo jambo la kwanza nililouliza ni jina la tuzo. Wakanambia si tuzo ya mchezaji bora, ni tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. Nikawaambia, hapo ndipo mlipopotezana njia. Mwenzenu mmoja anapima ubora, na mwingine anapima faida, na wote mnadhani mnapima kitu kimoja.

Bora ni sifa ya kitu chenyewe kilivyo. Almasi ni bora ikiwa sandukuni au kidoleni. Thamani ni sifa ya kitu kwa wale wanaokihitaji. Kata moja ya maji si kitu kwa mtu aliye kando ya kisima, lakini kwa msafiri wa jangwani ni uhai. Sasa mchezaji apimwe kwa lipi? Ligi yenyewe ya Marekani haijapata kuwaambia wapiga kura maana ya neno hilo. Kila mmoja huja na pishi yake kutoka nyumbani, halafu wanashangaa kwamba mchele haulingani.

Na ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1962 palikuwa na jitu likiitwa Wilt Chamberlain, ambaye kwa msimu mzima alipata wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake wala baada yake. Msimu huo huo Oscar Robertson alivuka kumi katika yale mambo matatu. Tuzo hakupewa huyu wala yule. Alipewa Bill Russell wa Boston, mtu wa kuzuia zaidi kuliko kufunga, ambaye timu yake ilishinda michezo 60. Na siku hizo waliokuwa wakipiga kura hawakuwa waandishi, ila wachezaji wenyewe. Waandishi walikabidhiwa kura kuanzia msimu wa 1980 hadi 1981. Yaani wale waliogongana naye mabega uwanjani walisema kwamba yule wa pointi 50 anatisha, lakini huyu ndiye anayetushinda.

Kijana wa Jokić alikuwa na mizani nyingine, nayo si mbaya. Akasema, "Mtoe mtu katika timu, halafu tazama pengo." Ukimwondoa Jokić, Denver huanguka. Ukimwondoa Shai, Oklahoma ina wengine wa kushika usukani. Kwa hivyo mwenye pengo kubwa ndiye mwenye thamani kubwa.

Niliipenda hoja hii kwa dakika kama tano hivi. Kisha nikaiona ila yake. Chukua manahodha wawili. Mmoja ana mabaharia hodari aliowazoeza na wakamtii, na jahazi lake likafika Mombasa la kwanza. Wa pili ana mabaharia wasiojua tanga na gudi, naye akashika usukani, akateka maji, akapika, na jahazi likafika la nne. Huyu wa pili ni shujaa, hilo halina ubishi. Lakini je, tumnyime wa kwanza haki yake kwa kosa la kuwa na wenzake wazuri? Mizani ya pengo humwadhibu mtu kwa neema aliyo nayo, na humtunza mtu kwa udhaifu wa jirani zake.

Hukumu yangu

Basi nikawapa hukumu yangu, nami naiandika hapa ili nihukumiwe kwayo. Nilisema kwamba kwa ubora wa mtu mmoja mmoja, msimu ule sikuona wa kumfikia Jokić. Lakini kwa tuzo yenye jina la thamani, katika mchezo wa watu watano dhidi ya watano, ambao lengo lake ni kushinda, haki ilikuwa ya Shai. Alifunga kuliko wote, na kufunga kwake kulizaa ushindi kuliko wa wote. Mti hujulikana kwa matunda. Na lau Jokić angekuwa na michezo 60 mkononi badala ya 50, ningegeuza hukumu bila kuona haya.

Upande mmoja ukashangilia. Na hapo, katika kushangilia, mmoja wao akasema neno lililonichoma. Akasema, "Tena Jokić ana tatu tayari, za 2021, 2022 na 2024. Zimemtosha. Wengine nao wapate."

Nikamwambia, mwanangu, kama hiyo ndiyo hoja yako, basi naiondoa hukumu yangu mikononi mwako.

Msomaji niruhusu nieleze sababu, ijapokuwa ni aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nalipata kuwa mmoja wa majaji watatu katika mashindano ya mashairi. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekwisha kushinda miaka miwili mfululizo. Mwaka ule wa tatu akaleta shairi ambalo sikuona kasoro yake, vina vimetulia, mizani imetimia, na maana yake ilimfanya jaji mwenzangu avue miwani na kupangusa macho. Tulipokaa kushauriana mimi ndiye niliyesema maneno yale yale, kwamba amekwisha kupata, wengine nao wapate. Tukampa kijana mmoja aliyekuwa na shairi la kawaida tu. Watu wakapiga makofi, nasi tukajiona wenye hekima.

Mwanamke yule hakulalamika. Alinipa mkono. Mwaka uliofuata hakuleta shairi, wala ule wa baada yake. Nilipomuuliza jamaa yake, nikajibiwa kwamba ameacha kuandika. Na kijana tuliyempa naye hakuandika tena, kwani alijua, kama tulivyojua sisi, kwamba tuzo ile haikuwa yake. Kwa neno moja nilizima taa mbili.

Tangu siku hiyo, kila nisomapo katika juzuu ya Amma ile sura ya wanaopunja vipimo, tuliyohifadhishwa tungali watoto, sifikirii tena wauza mchele na wauza samaki peke yao. Najifikiria mimi. Aliyepunguziwa sifa yake amepunjwa kama aliyepunguziwa kibaba chake, tena huyu wa kibaba anaweza kurudi dukani kudai.

Hata huko Marekani jambo hili linasemwa. Michael Jordan alikosa tuzo mwaka 1993, akapewa Charles Barkley, na akakosa tena 1997, akapewa Karl Malone. Wengi hadi leo wanashikilia kwamba waandishi walikuwa wamechoka kuliandika jina moja. Sijui yaliyomo vifuani mwa watu, hilo ni la Mola wao. Lakini najua yaliyokuwamo kifuani mwangu siku ile.

Ngoma yetu nasi

Nisije nikajifanya msafi. Katika kesi ya Kaloleni nilikuwa hodari wa uadilifu kwa kuwa Mserbia si ndugu yangu, wala Mkanada si jamaa yangu. Lau wangenitajia Kareem Abdul-Jabbar, ambaye amechukua tuzo hii mara sita na hakuna aliyemfikia, ningesema papo hapo kwamba alistahili hata ya saba. Lau wangenitajia Hakeem Olajuwon wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuipata, mwaka 1994, ambaye Februari 1995 alicheza hali amefunga Ramadhani na bado akatangazwa mchezaji bora wa mwezi, ningefunga mjadala kabla haujafunguliwa. Hapo ndipo mwamba ngoma anapovutia kwake. Na tumefundishwa katika Sura ya An-Nisaa kuisimamia haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ni rahisi kuisoma aya hiyo kwa sauti nzuri. Kazi ni kuipigia kura.

Na tuna mfano wa karibu zaidi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipokuwa chuo kikuu cha Connecticut alipewa mwaka 2009 tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya vyuo, akigawana na DeJuan Blair. Mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi kuu, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Aliyechaguliwa wa tatu, nyuma yake, alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Harden alikuja kupata tuzo ya thamani mwaka 2018. Curry aliipata 2015, na 2016 akaipata kwa kura zote bila hata moja kupotea, jambo lililokuwa halijatokea. Thabeet yeye hakudumu. Wako wanaomcheka. Mimi simcheki. Nayataja haya kuonyesha kwamba hata wenye kazi ya kupima watu, wenye fedha na vyombo, hukosea vipimo. Thamani haisomeki kwa urefu wa mwili.

Na Dikembe Mutombo wa Kongo, Mungu amlipe kwa mema yake, aliyefariki Septemba 2024, alitambuliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa ligi, lakini tuzo ya thamani hakupewa hata mara moja. Alikwenda Kinshasa akajenga hospitali yenye jina la mama yake, ikafunguliwa mwaka 2007. Mgonjwa aliyelazwa pale ukimuuliza nani mchezaji mwenye thamani, sidhani kama atataja pointi.

Swali lililowanyamazisha

Jua lilipokuwa linakwenda kuzama niliwauliza vijana wangu swali moja nami. Nikasema, mmenitajia watu wa Denver na Oklahoma kwa nukta na sehemu zake, ishirini na tisa nukta sita, thelathini na mbili nukta saba. Sasa niambieni, katika vijana wa Kaloleni wanaocheza mchezo huu, nani mwenye thamani kuliko wote mwaka huu, na kwa hesabu gani?

Wakacheka. Kisha wakataja majina matatu. Kisha wakaanza kugombana upya. Lakini safari hii hapakuwa na hata namba moja, kwa sababu hapana aliyeandika. Mmoja akasema fulani alifunga sana mwaka juzi, mwenzake akasema ni uongo, na wa tatu akasema huyo mtu ameacha mchezo, yuko kwenye kibarua cha mjengo. Hakuna daftari, hakuna shahidi, hakuna haki. Yule kijana huko aliko kwenye mjengo hana hata karatasi moja ya kumwonyesha mwanawe kwamba baba aliwahi kuwa mtu.

Si Kaloleni peke yake. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, kikapu cha mwisho kikitiwa na Tylor Ongwae muda ukimalizika? Kwa ushindi ule tulirudi katika mashindano ya Afrika ambayo tulikuwa hatujayaona tangu 1993 yalipofanyika hapa Nairobi. Na mwaka 2025 timu ya Nairobi City Thunder ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuingia katika ligi ya klabu za Afrika. Vijana wale wa Kaloleni walipokuwa wakitaja Thunder mchana kutwa, nilidhani ni hii ya kwetu. Kumbe ni ya Oklahoma.

Siwalaumu vijana. Nawalaumu wenzangu wa kalamu, nami nikiwamo. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba hesabu ni ya ng'ambo, na ya nyumbani ni kelele. Ligi ya Marekani haikuwa tajiri wa kumbukumbu kwa miujiza. Palikuwa na mtu kando ya uwanja aliyeandika nani kafunga, nani kadaka, nani katoa pasi, mwaka baada ya mwaka, tangu tuzo hii ilipotolewa mara ya kwanza 1956. Kalamu ile ndiyo inayotuwezesha leo kumtetea Chamberlain mbele ya Russell.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kila penye ringi, iwe Kaloleni au Makande kule Mombasa, pawe na daftari la shilingi chache na mtu mwaminifu wa kuliandika. Mizani itangazwe kabla ya msimu, isije ikachongwa baada ya mchele kupimwa. Wapiga kura wawe wale waliocheza pamoja na waliotazama pamoja. Na aliyestahili mara ya nne apewe mara ya nne. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini naye jaji asiyekubali kwamba mtu mmoja aweza kushinda tena na tena si jaji.

Nilipokuwa naondoka kwa magharibi, yule kijana wa Jokić alinifuata hadi njiani. Akaniuliza yule mwanamke wa mashairi yuko wapi sasa. Nikamwambia yu hai, kwa rehema za Mungu. Akauliza kama nimepata kumwomba radhi. Sikuwa na jibu. Kesho yake, kabla ya kupanda gari la Mombasa, niliandika barua ambayo nilipaswa kuiandika zamani, na mwisho wake nikatia ubeti huu:

Mpe mtu haki yake, hata kama humpendi,
Mizani usiishike, ikaelemea kundi,
Sifa na zihesabike, si kelele za ushindi,
Mcheza kwao hutunzwa, wetu nani amtunze?